Kalenda ya Mitihani Kabla ya Tiketi

Mzazi anayetaka kumpeleka mwanawe nje akasomee urubani huanza na swali moja: saa ya kuruka ni bei gani? Swali lina haki yake, kwa sababu saa za kuruka ndizo zinazokula fedha, na shule hulijibu upesi kwa karatasi nzuri yenye bei ya Cessna 172, bei ya ndege ya injini mbili, hosteli, sare na vitabu. Lakini kinachoamua kama fedha hizo zitazaa kazi hakimo kwenye orodha ile ya bei. Ni mtihani wa maandishi: utafanywa chini ya mamlaka ipi, utafanywa lini, na matokeo yake yatakwisha nguvu lini. Ninachodai katika sura hii ni kwamba mafunzo ya urubani ya ng'ambo hupangwa kinyumenyume, kutoka nchi utakakofanyia kazi hadi siku ya kwanza ya darasa, na kwamba kalenda ya mitihani ndiyo inayopaswa kuamuru mengine yote, tarehe ya kusafiri ikiwemo.

Hakuna leseni ya dunia. Mkataba wa Chicago wa 1944, uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unasema katika ibara ya 32 kwamba rubani wa ndege iendayo nchi za nje awe na leseni iliyotolewa, au iliyokubaliwa rasmi, na nchi ilikosajiliwa ndege hiyo. Kwa maneno mengine, leseni hufuata ndege. Ndege ambayo namba yake inaanza na 5H ni ya Tanzania, 5Y ni ya Kenya, 5X ya Uganda, 9XR ya Rwanda, 9U ya Burundi, 9Q ya Kongo, na yenye herufi N ni ya Marekani. Kijana aliyehitimu Florida anaweza kurusha ndege ya N kesho asubuhi, lakini ile 5H iliyoegeshwa Arusha haimhusu mpaka mamlaka ya Tanzania, TCAA, iseme neno. Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo kimeweka viwango vya chini kwa nchi zote wanachama. Leseni ya rubani binafsi, PPL, hutaka umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Leseni ya biashara, CPL, hutaka miaka 18 na saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ATPL, hutaka miaka 21 na saa 1,500. Wasomaji wengi wa vipeperushi vya shule hukomea hapo na kudhani kwamba, kwa kuwa viwango ni vya kimataifa, leseni nazo ni za kimataifa. Hivyo ni viwango vya chini tu. Saa zako za kuruka hukubalika karibu kila mahali, mradi daftari lako la rubani limeandikwa na kusainiwa inavyotakiwa. Mitihani ya maandishi ndiyo isiyovuka mpaka kwa urahisi.

Tuchukue mifumo miwili ambayo vijana wetu hukutana nayo zaidi wanapotazama mbali, wa Marekani na wa Ulaya. Marekani, chini ya mamlaka yake ya FAA, kila hatua ina mtihani wake mmoja. PPL ina maswali 60. CPL ina maswali 100. Kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo kina maswali 60. Kila swali lina majibu matatu ya kuchagua, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Mtu mwenye bidii hujiandaa kwa wiki chache huku akiendelea kuruka. Wepesi huo una fidia yake, kwani mtihani wa vitendo hutanguliwa na mahojiano marefu ya ana kwa ana, na mtahini huwa na karatasi ya matokeo mezani ikionyesha mada ulizokosea. Hizo ndizo atakazokuuliza tena. Kwa kifupi, Mmarekani hupima sehemu kubwa ya nadharia kwa mdomo.

Ulaya, chini ya mamlaka yake ya EASA, huipima kwa karatasi. Anayelenga kuwa rubani wa shirika la ndege hukabiliwa na masomo 13 ya kiwango cha ATPL: sheria za anga, hali ya hewa, urambazaji kwa ramani, urambazaji kwa redio, uzito na mizani, utendaji wa ndege, upangaji wa safari, kanuni za kuruka, mawasiliano, mwili na akili ya rubani, taratibu za uendeshaji, na masomo mawili ya ndege yenyewe, mitambo na vyombo vyake. Kila somo hutaka asilimia 75. Kozi ya hatua kwa hatua haipungui saa 650 za masomo, na haimpokei asiye na PPL. Baada ya hapo saa mbili za ukomo huanza kuhesabu muda. Ya kwanza ni ya miezi 18: tangu mwisho wa mwezi ulipokaa kwa mara ya kwanza, uwe umefaulu masomo yote, na hakuna somo utakaloruhusiwa kujaribu zaidi ya mara nne. Ukishindwa, unaanza upya yote 13, hata yale uliyopata asilimia 95. Ya pili ni ya miezi 36: tangu ulipomaliza mitihani, uwe umeipata leseni ya biashara pamoja na kibali cha vyombo. Ukipitwa na siku hiyo, matokeo yamekufa.

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo orodha ya bei haiitaji. Familia imeuza kiwanja, kijana amefaulu masomo yote 13, kisha fedha za ndege ya injini mbili zinakosekana. Mwaka unapita, wa pili unapita. Fedha zinapopatikana, mitihani imebakiza miezi minne, hali ya hewa ya kaskazini mwa Ulaya ni ya mawingu mazito na barafu, na mtahini ana foleni. Marekani saa iko vilevile ila ni fupi zaidi: matokeo ya mtihani wa maandishi hudumu miezi 24, na ukiwa hujafanya mtihani wa vitendo unarudi kwenye kompyuta. Lakini kule unarudia mtihani mmoja, na Ulaya unarudia shehena nzima. Kwa sababu hiyo ushauri unaotolewa ovyo, kwamba "fanya nadharia mapema iwezekanavyo wakati unatafuta fedha za kuruka," ni ushauri mbaya kwa anayefuata njia ya Ulaya. Anayefanya mtihani bila kujua fedha ya kuruka itatoka wapi amejiwekea tarehe ya kufilisika.

Mpangilio wenye akili basi huanza na vitu visivyo na uhusiano na ndege. Kwanza ni afya. Rubani wa biashara hutakiwa kuwa na cheti cha afya cha daraja la kwanza, na daktari wa anga anaweza kugundua tatizo la kutofautisha rangi, la moyo au la masikio ambalo mhusika hakuwahi kulijua. Kipimo hicho hugharimu sehemu ndogo sana ya ada ya mwaka. Kifanywe kabla ya kulipa chochote, na kifanywe chini ya mamlaka itakayotoa leseni, kwa kuwa si lazima cheti cha nchi moja kikubaliwe na nyingine. Pili ni Kiingereza. Tangu Machi 2008 ICAO inadai rubani wa safari za kimataifa awe na angalau ngazi ya 4 ya lugha ya mawasiliano ya redio, na ngazi hiyo hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu. Kwa kijana wa Goma au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa, miezi sita ya Kiingereza nyumbani ni nafuu kuliko kukijifunza ndani ya ndege ambayo mita yake ya malipo inazunguka. Tatu ni fedha zote za hadi leseni ya biashara, au angalau ahadi iliyoandikwa. Vitatu hivyo vikikamilika, ndipo mtu achague mamlaka, apate PPL, ajifungie kwenye mitihani kwa mkupuo mmoja, na aingie kwenye CPL na kibali cha vyombo wakati nadharia bado ni mbichi kichwani.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko mengine, ni hili: kwa nini kuhangaika na Ulaya? Marekani kuna ndege nyingi, anga la Florida na Arizona liko wazi sehemu kubwa ya mwaka, leseni hupatikana haraka; mtu aipate kwanza, kubadilisha kutafuata. Kwa anayerudi kufanya kazi Afrika Mashariki pingamizi hili karibu linashinda. Mamlaka zetu hupokea saa za kuruka zilizopatikana katika nchi za ICAO, na aliyekuja na leseni ya nje kwa kawaida huongezewa mtihani wa sheria za anga za hapa na jaribio la kuruka. Mtihani huo haudharauliki. Marekani husoma kipimo cha kimo kwa inchi za zebaki na umbali wa kuona kwa maili; huku tunatumia hektopaskali na mita. Kule kimo cha kubadili mpangilio wa kipimo ni futi 18,000 nchi nzima. Huku kinatofautiana kwa kiwanja. Tena aliyezoea kuruka kutoka usawa wa bahari atashangazwa na Wilson, Nairobi, ambako kiwanja kiko zaidi ya futi 5,500 juu, hewa ni nyepesi, na ndege ileile inahitaji njia ndefu zaidi kuinuka. Lakini hayo hujifunzwa kwa miezi, si miaka. Kazi ya kwanza ya marubani wengi wa huku ni Cessna Caravan ya injini moja inayobeba watalii Serengeti au Maasai Mara, na mwenye kampuni hamuulizi mtu kama amefanya masomo 13.

Pingamizi hilo huanguka pale msafiri anapokuwa na ndoto ya Ulaya moyoni bila kuisema. Mwenye leseni ya Marekani anayetaka leseni ya EASA atakubaliwa saa zake kwa kiasi kikubwa, lakini nadharia ya ATPL ataifanya yote, hata akiwa na saa 5,000 na amezeeka kwenye Boeing. Kurudi darasani ukiwa na umri wa miaka 35, mke, watoto na ratiba ya zamu, kukariri aina za mawingu, ni adhabu ambayo mtu wa miaka 20 angeweza kuiepuka. Wengine hujidanganya kwa upande wa pili, kwamba watahitimu Marekani na kubaki huko kufundisha hadi wafikishe saa 1,500. Shule nyingi za kuruka hupokea wageni kwa viza ya M-1. Viza hiyo hairuhusu kazi wakati wa masomo, na mafunzo ya vitendo baada ya kuhitimu hayazidi miezi sita. Juu yake, mgeni hapewi ndege ya mafunzo mpaka mamlaka ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, TSA, imchunguze. Majuma ya viza na ya uchunguzi huo yahesabiwe ndani ya kalenda, kwa kuwa hakuna shule inayoweza kuyafupisha.

Atatokea wa kusema kwamba kupanga hivi ni bure kwa sababu sheria hubadilika. Ni kweli hubadilika, na mifano miwili inatosha. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, na watu 50 wakafa. Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka uliofuata, na tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria la huko, aliyekuwa akiajiriwa na saa 250, hutakiwa kwa kawaida kuwa na saa 1,500. (Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamekwisha kupita saa 1,500, jambo ambalo wapinzani wa sheria hiyo hawachoki kulikumbusha.) Waliokuwa njiani walikuta daraja limesogezwa mbele yao. Mfano wa pili ni Uingereza, iliyotoka kwenye mfumo wa EASA mwishoni mwa Desemba 2020. Hadi siku hiyo mtihani uliofanyiwa Uingereza ulifungua milango ya Ulaya nzima. Tangu hapo wanaotaka pande zote mbili hufanya seti mbili za mitihani, karibu mada zilezile, kwa ada mbili. Lakini tazama ni nani aliyeumia kidogo. Aliyekuwa amekwisha kupata leseni yake na kuihamishia nchi ya EASA kabla ya tarehe ile hakuguswa. Aliyekuwa katikati ya mitihani ndiye aliyelipa. Mabadiliko humkamata zaidi aliyejitandaza kwa miaka mingi. Kwa hiyo hoja kwamba sheria hubadilika inatetea mpango wa mkupuo, haiupingi.

Walimu wengi wa kuruka watakuwa na lao: nadharia bila ndege ni maneno makavu, mwanafunzi huelewa mkondo wa hewa pale anapousikia mgongoni. Nakubaliana nao kuhusu PPL, na kuhusu njia nzima ya Marekani, ambako mtihani umekatwa vipande na kila kipande kimeshikanishwa na hatua ya kuruka. Masomo 13 ya Ulaya hayakujengwa hivyo. Yanaongelea ndege za jeti, mitambo ya shinikizo, hesabu za mafuta za safari za kuvuka bahari, mambo ambayo Cessna 172 haiwezi kumwonyesha mwanafunzi hata angeirusha mwaka mzima. Mwenye PPL ameshaonja anga kiasi cha kujua mawingu yanayozungumziwa. Kuruka mara moja kwa wiki katikati ya masomo kunaburudisha, ila kunakula siku mbili kila mara, ya kuruka na ya kusubiri hali ya hewa, na anayelipia hosteli kwa fedha za kigeni hana siku za kusubiri. Anayetaka kujikusanyia saa afanye hivyo baada ya karatasi ya mwisho.

Kuhusu hifadhi za maswali nitasema kwa ufupi. Zipo, huuzwa kwa usajili wa mwezi, na mwanafunzi anaweza kuzikariri hadi akafaulu bila kuelewa. FAA zamani ilikuwa ikichapisha maswali yake hadharani, kisha ikaacha. EASA, kwa upande wake, iliziongezea shule wajibu wa kumpima mwanafunzi uwezo wa kufikiri, kufanya hesabu kichwani na kutatua tatizo, kipimo ambacho hakimo kwenye hifadhi yoyote. Anayekariri atafaulu mtihani na kuanguka kwenye usaili wa shirika la ndege, ambako huulizwa kwa nini na siyo ipi.

Linabaki pingamizi la mfukoni, na hilo ndilo linalouma. Familia nyingi za Afrika Mashariki hazina fedha zote kwa pamoja. Hulipa kwa mavuno, kwa mkopo wa chama cha akiba, kwa mchango wa ukoo. Kuwaambia wasubiri mpaka zitimie ni kama kuwaambia wasiende. Jibu langu ni kwamba anayelipa kidogo kidogo achague mfumo unaovumilia malipo ya kidogo kidogo, na huo hauko Ulaya. PPL inaweza kupatikana nyumbani. Wilson ina shule zake, na Soroti, Uganda, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, kikabaki baada ya Jumuiya kuvunjika. Leseni iliyopatikana kwa hatua huwa mali ya mtu hata safari ikikwama, tofauti na rundo la matokeo ya mtihani yanayosubiri kuoza. Afrika Kusini nayo imepokea vijana wengi wa huku, na miji kama Port Alfred inajulikana kwa shule zake za kuruka. Kwa anayepanga kurudi, nauli ya kwenda huko ni ndogo na muda wa safari ni mfupi kuliko wa Florida. Pendekezo langu halimzuii maskini kwenda nje. Linamkataza kununua masomo 13 kwa mkopo usiokuwa na mwisho.

Kabla ya kulipa hata amana ya kushikilia nafasi, andikia idara ya leseni ya nchi unayokusudia kufanyia kazi, TCAA, KCAA ya Kenya au nyingine, na uombe majibu ya maandishi kwa maswali manne: leseni ya shule hii mtaibadilisha kwa masharti gani, ni mitihani ipi nitakayorudia, cheti changu cha afya kitatambuliwa, na matokeo yangu ya nadharia yatahesabika hadi lini. Kisha peleka majibu hayo shuleni na uwaombe wakuandikie ratiba yenye tarehe za mitihani, pamoja na kiasi utakachorudishiwa endapo utaondoka katikati. Shule isiyokubali kuandika tarehe hizo isipewe fedha.